Plagi Alizofunga Tadaoki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke, maana tatizo langu ni plagi za gari. Mume wangu Tadaoki alifariki mwezi wa nne akaniachia gari lake la injini ya rota, ile isiyo na pistoni, nami nikaanza kuliendesha polepole hadi sokoni na kurudi, kwa sababu likiunguruma nyumba haiwi kimya sana, lakini juzi nilithubutu kulipeleka hadi mjini Hiroshima, likazimika juu ya reli za tramu, watu wakanipigia honi, nikalia nimeshika usukani. Akaja Urabe, rafiki wa marehemu mwenye gereji, akachomoa plagi, zote nyeusi kwa masizi.

“Shemeji, hizi ni plagi baridi, za mtu wa kupandisha milima kwa kasi kama Tada. Wewe unakwenda kama umepakia mayai! Hazipati joto la kujisafisha. Nikufungie za moto zaidi.”

Nikamwambia azirudishe zilezile aende zake, kwa sababu Tadaoki alizifunga kwa mikono yake akiwa tayari anaumwa, na nikizitoa sijui nitabaki na nini chake, na sasa gari limelala, Urabe hapigi simu, na nakula wali na supu yangu nikiongea na redio. Nifanyeje?
Setsuyo, Kure

Setsuyo, pole sana. Sikucheki, ila nitakukaripia. Mtu aliyekuja kukuokoa barabarani, anayelitaja jina la mumeo bila kunong’ona, umemfukuza kwa ajili ya masizi! Plagi huchaguliwa kwa mwendo wa dereva, na dereva sasa ni wewe. Tadaoki angekukuta umekwama relini, angekufungia zipi? Jibu unalo.

Mpigie Urabe leo. Mwambie tu, “Njoo tubadilishe.” Ziwe za injini ya rota hasa; plagi ya gari jingine, hata ikiingia, ncha ikizidi urefu, rota inayozunguka ndani itaigonga na injini imekwisha. Kila rota ina plagi ya juu na ya chini, nazo hazifanani, msizichanganye. Spana ishike mwenyewe. Zile za zamani zifute, uziweke kando ya picha yake.

Kazi ikiisha, usimwache Urabe aondoke bila chai. Mumeo alikuwa rafiki yake tangu ujana, na wakati wa msiba watu wote walikupa pole wewe. Yeye nani alimpa? Anza wewe.