Barua Yangu Ndani ya Simu za Watu

Kwa Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, huko Kalemie,

Nakuandikia nikitumaini una nguvu, na kwamba goti lile limeacha kukusumbua unapopanda kwenda kanisani. Sisi huku Baraka tuko. Mvua zimekula barabara, samaki wadogo ndagala wanapatikana, na mwanangu Sifa ameanza kunibishia kila neno, kwa hiyo damu yetu haijapotea.

Utashangaa kuona mwandiko wa mkono. Kompyuta yangu ilizima katikati ya sentensi. Maoni yangu unayajua: tunaletewa mashine ambazo Ulaya wamezichoka, betri zimekufa, tunaziunganisha na sola na kushukuru. Hiyo ni biashara ya kutupa takataka, ila hapa anayetupa ndiye anayelipwa. Niliwaambia hivyo walimu wenzangu, wakacheka, kisha wakaniuliza nilinunua wapi yangu.

Niliipeleka sokoni kwa fundi anayeitwa Asukulu, ambaye pia huwajazia watu nyimbo na sinema katika simu zao kwa pesa. Mashine haikupona, lakini alitoa diski akaokoa kila kitu. Kisha akabaki na nakala, kama mafundi wote wa hapa wanavyofanya, ili mteja akipoteza vitu vyake tena asilie. Hakuna anayeuliza. Lakini katika diski ilikuwamo barua ile ndefu niliyokuandikia kiangazi. Asukulu alipoona watu wanaongea na kutukanana ndani yake, alidhani ni hadithi, akaiweka pamoja na sinema. Ikapendwa. Ikapita simu kwa simu mpaka Nundu, nyumbani kwa baba mkwe wangu.

Unakumbuka nilivyomsema yule mzee. Unakumbuka pia nililokueleza kuhusu mwili wa mke wangu, ambalo sitalirudia. Habari zilipomfikia, Mama Sifa alifunga nguo zake na za mtoto, akaita pikipiki. Hakupiga kelele.

"Ukimaliza kupigana na bantu," aliniambia, "utatukuta Nundu."

Basi nikaenda kupigana na watu, nikianza na Asukulu.

"Umeniibia!"

"Niliiba nini, Mwalimu? Yako si iko? Fungua diski yako, utaikuta."

"Umeuza barua yangu!"

"Si weye ulitufundisha hapa hapa, mbele ya bantu, kama kukopia haiko kuiba? Ulisema benye programu ni matajiri, Baraka habaijue hata iko wapi."

Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa anangoja simu yake, alidakia: "Mwalimu, ile ya baba mkwe ilinichekesha sana! Andika ingine!"

Yaya, mimi bado nasema vilevile. Kampuni inayotaka mwalimu wa Baraka alipie kila mwaka programu ya kuandikia, wakati mshahara wenyewe anausubiri kama mgeni asiyesema atafika lini, haina haki ya kuniita mwizi. Aliyekopia programu hakumvua mtu nguo. Barua ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake kuna watu. Nilimweleza Asukulu tofauti hiyo kwa urefu mpaka jenereta yake ikaishiwa mafuta. Akaijaza upya, akawasha, akafuta nakala yake nikiona.

"Mi nimefuta, Mwalimu. Batelefone ya bantu, ile siwezi."

Nikashika njia ya Nundu. Baba mkwe alinipa kiti, akanitazama.

"Uliandika kama mi napenda kusalimiwa sana."

"Ndiyo, baba."

"Ni kweli. Nisalimie."

Nikasimama, nikamsalimia kwa heshima zote. Akasema mambo yake yamekwisha, na ya binti yake nikamuulize mwenyewe jikoni.

Mama Sifa alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Njiani nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya mafundi, juu ya siri za watu, juu ya nchi ambayo hata simu ya mama mjane inafunguliwa na kila mpita njia. Nilifika robo yake.

"Huyu Asukulu," nilisema, "hana adabu hata kidogo."

"Asukulu alinijulia wapi?"

"Niliandikia yaya tu."

"Na mi niliambia weye tu," akajibu, akaendelea kutwanga.

Nilichochea moto mpaka sombe ikaiva. Nilikula, nikarudi Baraka peke yangu. Baada ya siku ya soko walikuja wote wawili, yeye na Sifa, na kabla hajafungua mzigo aliniwekea sharti moja, nami nikalikubali bila kubishana.

Nisalimie mume wako, mwambie maoni yake juu ya serikali bado si sahihi. Msalimie mama mdogo anayeuza mawese, na shemeji mshonaji, na mjomba katekista aliyenifundisha kusoma na kuanza matatizo haya yote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kisimba

Utaona kwamba karatasi ya pili ni fupi. Palikuwa na aya moja zaidi. Sharti la Mama Sifa ni kwamba kila barua inayotoka nyumba hii aisome kwanza, na hii ameisoma. Mkasi aliushika yeye. Mimi nilimshikia karatasi.