Nembo za Bibi na Plagini ya Kulainisha Sura

Jumatatu, 8 Juni
Bado haionekani. Nimeisakinisha upya, nimezima kompyuta, nimewasha. Kwenye orodha ya efekti, hamna. Plagini yenyewe, kiongezi cha programu ya kuhariri video, ni ya kulainisha sura. Dada Zuhura kaitaka kwa video ya harusi yake, ana chunusi. Jumamosi ukoo mzima unaitazama kwa Bibi, Ziwani. Nimeahidi. Mimi ambaye hata salamu hunishinda.

Jumanne, 9 Juni
Maelekezo yote Kiingereza. Nimeyasoma kama mtihani. Kumbe plagini ni toleo jipya, programu yangu ya kuhariri ya zamani. Mjinga mimi. Nimepakua toleo la nyuma. IMETOKEA. Nimecheza peke yangu chumbani. Mama kachungulia, kafunga mlango.

Alhamisi, 11 Juni
Nimeiweka video nzima. Wote wanang'aa kama wamepakwa mafuta ya nazi. Najipenda leo.

Ijumaa, 12 Juni
Bibi kaja hapa Chuno. Nikamwonyesha, kwa kujidai. Akatazama sana. Kisha: "Mume wangu, huyu mke mwingine umemtoa wapi?"

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo nikaona. Nembo hazipo. Chale alizochanjwa Bibi usoni akiwa msichana, kwao ng'ambo ya Ruvuma, plagini imezidhania makunyanzi. Imefuta zote.

Bibi naye alicheka. Ila mkono ulikuwa shavuni. Nimejisikia vibaya mno.

Nikipunguza nguvu ya efekti, nembo zinarudi nusu, chunusi zote. Nikijaribu kumkinga Bibi peke yake, programu inaganda. Basi nakata video vipande vipande. Penye Bibi, natoa efekti. Na Bibi yuko kila mahali, kacheza harusi nzima. Penye wote wawili, Bibi na Zuhura, nikampigia Zuhura kumuuliza. Akasema, "Niache na chunusi zangu. Bibi asiguswe."

Jumamosi, 13 Juni
Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Uso wa Bibi ulipojaa shuka, nembo zote, vigelegele. Bibi akainuka, akacheza na Bibi wa ukutani. Akanivuta. Nikacheza mbele za watu. Mimi!

Jumapili, 14 Juni
Nililala hukuhuku Ziwani. Asubuhi Bibi kachukua kidole changu, kakipitisha kwenye mstari wake wa kwanza, chini ya jicho la kushoto. Anasema mchanjaji alimwambia atulie, mstari usipinde.

Umepinda kidogo.