Jani la Sale na Mto wa Ukutani

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru haujaonekana kabisa, na hapa Elerai ni matope matupu.

Nimekaa sebuleni naitazama picha aliyoichora marehemu dada yetu Ndeshi: mto unaopita chini ya shamba la baba huko mlimani. Mikuyu imeinamia maji. Mringaringa mmoja umechanua maua meupe. Kijani amekirundika mpaka unahisi ubaridi.

Mto wenyewe umevuliwa nguo. Mdogo wangu Elibariki, aliyerithi shamba, amekata miti yote ya ukingo mmoja ili apande karoti mpaka majini. Umebaki ukingo wa pili.

Nilimwapia kwamba kesho namshtaki. Wanaonisoma kwenye ukurasa huu wanajua huwa sitishii bure. Nimegombana na wakubwa wenye magari na walinzi, na sikurudi nyuma.

Leo baada ya ibada akaja na baba mkubwa. Mkononi ameshika jani la sale.

Kwa asiye Mmeru nieleze: anayekuletea sale amejishusha hadi chini kabisa kukuomba msamaha. Ukilikataa, umejitoa mwenyewe kwenye ukoo. Ukilipokea, kesi imekwisha. Hakuna polisi, hakuna baraza.

Nikauliza kama ataacha ukingo wa pili. Baba mkubwa akajibu taratibu, "Sale halipokelewi kwa masharti, mwanangu."

Nikamwonyesha Elibariki picha. Nikahubiri vyanzo vya maji, sheria, wajukuu. Akanisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Kaka, wewe unaupenda mto wa ukutani. Wa kule ninakaa nao mimi, na watoto wangu hawali kivuli."





Nikalipokea jani. Baba mkubwa akaomba, tukanywa chai. Elibariki akanikumbatia huku machozi yanamtoka, na nilimwamini. Hilo ndilo linalonimaliza: majuto yake ni ya kweli, na wiki hii atanoa shoka kama kawaida.

Naandika haya mara moja tu, kisha nitanyamaza, kwa sababu nimekubali kunyamaza.

Lakini wapo watu kule bondeni wanaochota maji yale kila asubuhi. Hawakuwepo sebuleni kwangu, wala hawakuletewa jani. Nani alinituma nisamehe kwa niaba yao?