Cheni ya Gari ya Mutua

Jumatatu, 6 Julai

Baridi. Gari imelala kwa kiwanja cha kanisa kama kawaida, vioo vyote vimelowa. Nimepangusa na sweta kuukuu. Nikazungusha ufunguo, ikawaka, ikapiga ile kelele yake ya chuma kusugua chuma, krrrr, halafu ikanyamaza. Leo imechukua muda kunyamaza.

Mume wangu Mutua alikuwa anasema gari inaomba. "Ngoja amalize maombi." Anavua kofia, tunakaa kimya ndani kama wajinga wawili mpaka kelele iishe, ndio anaweka gia. Kila asubuhi, utani ule ule. Nilikuwa nacheka kila asubuhi. Sasa nangoja peke yangu. Sina kofia ya kuvua.

Nimetoka kwetu Kianda nikamchukua Mzee Njoroge Kawangware, nikampeleka kliniki ya goti. Yeye ndiye mteja wangu wa kwanza kila siku ya kazi. Ana ploti ya nyumba za kupangisha pale stejini 46, alizaliwa hapo wakati bado ni shamba la viazi, na hukaa kiti cha nyuma kama waziri. Ameniuliza hiyo sauti ni ya nini. Nikamwambia ni baridi.

Baadaye wateja wa kuita teksi kwa simu. Kilimani, Hurlingham, Kilimani tena. Nimerudi nyumbani nikala. Sijui nilikula nini.

Jumatano, 8 Julai

Leo kelele haikuisha. Imenifuata mpaka Kawangware. Nikipanda kilima inapanda na mimi. Mzee akasema, "Mama Mumo, hiyo si baridi." Nikakanyaga mafuta. Mtu akilipa nauli asidhani amenunua na dereva.

Nikapitia kwa Wafula, fundi wetu. Gereji yake ni mabati na tairi zilizokwisha, kando ya barabara pale 46. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwa injini na mpini kwa sikio, akafunga macho. Akasema ni cheni. Ndani ya injini kuna cheni inazungusha vyuma vya juu pamoja na vya chini. Hii imevutika, imelegea, inagonga kifuniko. Siku itakayoruka meno, injini imekufa, hakuna kufufua. Aliposema kufufua akaangalia chini.

Watu wananiogopa siku hizi. Wanafikiri wakitaja kifo nitaanguka. Sianguki. Sisikii kitu, na hiyo ndio shida yenyewe.

Lakini hii hasara ya gari naijua. Bila gari narudi kufulia watu nguo Lavington. Nilifua mpaka kucha zikatoka. Mutua aliuza ng'ombe wote wa kwao Kitui tukanunua hii gari ili nisirudi kwa beseni za watu. Yeye alikuwa dereva wa watu maisha yake yote, akanifundisha mimi. Ikifa, basi ng'ombe walikufa bure.

Alhamisi, 9 Julai

Nimekumbuka waranti. Iko kwa ile faili ya plastiki, nyuma ya cheti cha kifo. Injini na gia, miezi sita. Tulinunua Januari ikiisha. Mutua akaenda Aprili. Presha. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Waranti inaisha mwisho wa mwezi huu. Karatasi imeishi kumshinda.

Nimepigia yadi simu, ile yadi ya magari ya Ngong Road walikotuuzia. Kijana akasema cheni pengine ni injini, pengine ni kitu cha kuchakaa tu kama tairi. Nikauliza sasa ni gani. Akasema inategemea. Inategemea nini? Akasema inategemea na vile itaonekana. Halafu akataka mwenye alisaini aje mwenyewe. Nikamwambia mwenye alisaini tulimlaza Kitui. Akasema sawa, akirudi mjini apitie ofisini.

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka.

Jumamosi, 11 Julai

Nimepiga tena, nikasema wazi kwamba amekufa. Akasema pole, nije mimi Jumanne na vyeti. Pole yake ilitoka haraka, akaendelea na mambo ya vyeti.

Sijatoa gari leo. Wafula amenikataza nisiiendeshe ovyo. Nilienda kwake na miguu kutoka Kianda, nikamkuta Mzee Njoroge ameketi kwa tairi, goti limenyooshwa. Ati alikuwa anapita. Mtu wa goti baya hapiti tu. Akanipa ushauri, na hakuna mtu alimuuliza. Watu wa ofisi hawaamini maneno, wanaamini kitu. Wafula aitoe hiyo cheni, niwabebee, niwawekee mezani washike wenyewe. Akasema pampu ya maji ya ploti yake ikitengenezwa, fundi asipomletea kile kilichotoka, hakuna malipo.

Na ni kweli. Huku kwetu fundi hakubadilishii kitu bila kukurudishia cha zamani mkononi. Ndio unajua hajakuchezea. Mutua alikuwa na karai zima chini ya kitanda. Breki pedi, plagi, filta, mikanda, za kila gari aliyowahi kuendesha. Alijua kila moja ilimtoka wapi. "Hii ilikufia mjini Salama, mvua inanyesha." Nilikuwa namgombeza kwa sababu ya harufu ya mafuta kwa shuka. Karai bado liko. Sijaligusa.

Wafula akasema Mzee amenena. Mimi pia nikaona amenena. Watu wazima watatu, tumekubaliana.

Jumapili, 12 Julai

Kanisa. Waliimba. Nilifungua mdomo.

Mumo amepiga kutoka shule, kwa simu ya matroni. Ameuliza gari iko aje. Hakuuliza mimi niko aje. Afadhali, kwa sababu ya gari nina la kumwambia.

Jumatatu, 13 Julai

Wafula amefungua injini. Kwa kifuniko cha mbele, kila bolti ilikuwa na tone la rangi nyekundu kichwani. Akauliza hii rangi ni ya nini. Nikamwambia labda Wajapani wanapenda urembo. Akacheka, akatia spana, rangi ikabanduka ikaanguka kwa mavi ya kuku.

Cheni yenyewe ni ndogo. Nilidhani kitu cha kuniharibia maisha kitakuwa kikubwa. Wafula akailaza ubavu, akaishika upande mmoja tu kunionyesha. Ikiwa nzima inajikaza, hii ilianguka tu. Akaipangusa, akaikunja kwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili. "Mama, hii ndio yako."

Gari imebaki hapo mdomo wazi, mawe yamezuia magurudumu. Mzee ameenda kliniki na bodaboda. Mungu amsaidie huyo wa boda.

Jumanne, 14 Julai

Nilivaa nguo ya kanisa. Kijana wa yadi ni wa tai, mashavu laini, kahawa mkononi. Nikaweka cheni mezani, nikafungua gazeti. Nilikuwa najivunia, hiyo lazima niandike. Nilifikiri nimeleta ushahidi mpaka wakakosa la kusema.

Akarudisha kiti nyuma. Akauliza ni nani aliitoa. Nikasema fundi. Akauliza kama ni fundi wa yadi. Nikasema fundi.

Akageuza ile karatasi ya waranti. Nyuma kuna maandishi madogo ya kuumiza macho. Watu wazima watatu, hakuna hata mmoja wetu alisoma hapo. Rangi nyekundu kwa bolti ni muhuri wao. Ikivunjwa na mtu wa nje, waranti imeisha siku hiyo. Ati gari ilifaa ije vile ilivyo, na kelele yake ndani. Nikamwambia sasa ningewezaje kuthibitisha bila kutoa? Kwao, kitu kilichotolewa ni wizi. Kwetu, kitu kisichotolewa ndio wizi.

Akauliza kelele ilianza lini. Nikaona hapa ndio nitampata. Nikasema tangu siku ya kwanza, kila asubuhi, tangu mlipotuuzia. Kwa hivyo iliharibika ikiwa kwenu. Akaandika. Halafu akasema, polepole kabisa, kwamba basi tulijua tangu Januari na hatukuripoti. Tungeleta Februari wangebadilisha bure, bila maneno.

Nimetembea kutoka Ngong Road mpaka Kianda. Sikupanda kitu.

Jumatano, 15 Julai

Mutua, ulisikia.

Wewe dereva wa miaka yote hiyo. Wewe wa karai. Ulijua sauti ya cheni, huwezi kuniambia hukujua. Ulijua, ukaona gari ni mpya kwetu, mke amefurahi, ukaamua inaomba. Ukavua kofia. Na mimi nikacheka. Ungeiendesha tu mpaka Ngong Road siku moja. Siku moja, bwana!

Umekufa ukaniachia utani.

Sijatoka leo.

Alhamisi, 16 Julai

Niliacha cheni mezani kwa yule kijana. Nimekumbuka nikiosha kikombe.

Ijumaa, 17 Julai

Nimerudi yadi. Kijana alidhani nimekuja kulia. Nikamwambia nataka cheni yangu. Akasema haina kazi tena, imetupwa. Nikamwambia kilichotoka kwa gari yangu ni changu. Akasema mama, ni takataka. Nikamuuliza ni nani alimpa ruhusa ya kutupa takataka yangu. Nilipaza sauti mpaka wanunuzi wakageuka kututazama. Kulikuwa na bibi na bwana wanaingia gari nyeupe, mume anajaribu honi. Nikawaambia hiyo mkinunua, ikipiga kelele asubuhi msicheke, rudisheni.

Wakanionyesha pipa la vyuma nyuma ya yadi. Nikakunja mikono ya gauni nikaingiza mikono mpaka kwa mabega. Mlinzi akaniletea glavu, nikakataa. Nikaipata chini kabisa, imejikunja kwa breki pedi za mtu mwingine.

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa yanawaka. Nimeisikia mpaka nyumbani. Kitu cha kwanza nimesikia tangu Aprili, na ni hasira. Sawa tu.

Jumatatu, 20 Julai

Friji imeenda, nimeiuza ninunue cheni. Ameichukua mama mmoja wa kibanda cha maziwa na soda pale Lindi, mtaa wa jirani. Imepita vichochoroni kwa mkokoteni, watoto wakisukuma na kuimba. Mumo akija likizo atauliza maziwa yanakaa wapi. Yatakaa kwa maji baridi, kama zamani.

Wafula amepata cheni nzuri kwa mtu wake wa spea, imetoka kwa injini ya gari iliyogongwa nyuma. Kazi ya kuifunga amekataa nisimlipe. Anasema ile rangi ilifaa imfanye aulize maswali mengi zaidi. Nikamwambia asijifanye malaika, mimi ndiye niliyesema urembo.

Mzee Njoroge ametuma mkungu mzima wa ndizi na mtu wa boda. Bila ujumbe. Mzee hajui kusema pole, basi ametuma ndizi. Nimempa Wafula nusu.

Alhamisi, 23 Julai

Gari ililala kwa kiwanja cha kanisa jana, mara ya kwanza tangu ifungwe. Kabla nitoke asubuhi nimevuta karai kutoka chini ya kitanda. Nimeweka cheni juu ya vitu vyake. Nikajaribu kusema ilitutoka wapi, vile alikuwa anafanya. Nikasema 46, kwa Wafula, baridi. Nikarudisha karai.

Vioo vilikuwa vimelowa. Nikapangusa. Nikazungusha ufunguo.

Ikawaka mara moja. Kimya. Wafula ameifunga vizuri. Hakuna hata mkwaruzo.

Mkono ulikuwa kwa gia lakini sikuweka gia. Nilikuwa nangoja. Nimekaa nikingoja mpaka vioo vikapata mvuke kwa ndani, na hakuna kilichokuja. Ndio nikajua nangoja nini.

Nimelia. Kitui nilisimama kando ya kaburi macho makavu, mashemeji wakanong'ona wakanimaliza. Leo nimelia na sauti, kichwa kwa usukani, mpaka mlinzi wa kanisa akaja kugonga kioo, akauliza kama gari imekataa. Nikamwambia hapana, imewaka.

Nilifika kwa Mzee Njoroge nimechelewa, macho yamevimba. Alikuwa kwa geti na fimbo yake. Alinitazama, akatazama boneti, akasikiliza kidogo. Alifungua mlango mwenyewe, akakaa mbele.