Magauni ya Mama na Picha ya Mgongo

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tunaendelea, ukiacha huo mgongo wa Mama.

Unakumbuka aliinama kuokota mkasi, mgongo ukalia ka! Eksirei ikaonyesha pingili moja imebonyea. Daktari akaniambia pembeni huenda ni mifupa ya uzee tu, au huenda ile saratani ya titi ya miaka tisa iliyopita imerudi. Eksirei haikuweza kutofautisha, akatuandikia kipimo cha MRI.

Uliniagiza nisimtajie Mama saratani. Nikamwambia wanatafuta mshipa uliobanwa. Akaitikia, "Haya, mwanangu." Nikajiona mjanja kweli.

Siku ya kipimo tulirudishwa. Mashine ile ni sumaku, haitaki chuma mwilini. Mpiga picha akamuuliza Mama kama aliwahi kumeza chuma. Mama na ukweli wake akajibu kwamba miaka arobaini ya ushonaji ameshika pini mdomoni, asingeweza kuapa kuwa zote zilitoka. Mpiga picha akacheka mpaka akakaa. Ikabidi tumbo lipigwe eksirei kwanza. Halikuwa na pini hata moja, lakini zamu yetu ilishapita. Tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili.

Wiki hizo mbili sikuhisi kitu, Kaka. Nilipika, nilifua, niliitikia pole za majirani. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia tu. Mama alilala kwenye mito akishona kwa mkono, nguo zimegeuzwa nje ndani. Nilimgombeza apumzike. Akasema ni kazi za watu, ameahidi. Hata sikuzitazama.

Tukarudi, akapimwa, na Alhamisi tukapata majibu. Daktari alinionyesha picha kwa ncha ya kalamu. Saratani, alisema, kwa kawaida hula uboho wa pingili nzima na kuusukuma ukuta wa nyuma utokeze. Pingili ya Mama imepondeka juu tu. Chini uboho umebaki mweupe pichani, yaani mzima, na ukuta wa nyuma umenyooka. Ni uzee. Atapewa dawa za mifupa na mkanda wa mgongo, na picha irudiwe baada ya miezi mitatu kwa uhakika. Nikasema asante, nikatafuta furaha, sikuiona.

Nyumbani nikamweleza Mama yote, na saratani nikaitaja. Hakushtuka.

"Nilijua siku ileile. We tangu utoto hujui kudanganya."

Kisha akanisukumia lile rundo la nguo. Kumbe ni magauni yake mwenyewe, yote saba! Kayapunguza mabega, kiuno, kila kitu.

"Haya, yafumue," akasema. "Au unataka nitembee uchi?"

Basi niko hapa na wembe, nafumua. Nimefika la tatu. Lile la kijani nililijaribu kwanza. Limenikaa sawasawa, Kaka, na wala hakunipima. Hospitali sikulia. Nililia hapo.

Msalimie wifi, na wanao uwabusu mmoja mmoja. Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau. Mungu akutunze huko uliko, na akulete nyumbani Mama angali na nguvu za kukugombeza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, bado mwembamba kama ulivyoniacha,

Njiti