Zamu ya Mzee

1 Juni

Shikamoo Baba,

Mgongo unasemaje? Na Shangazi huko kwake, bado anakulisha uji kila ukifumbua macho? Mimi mzima, ila viganja. Miaka yote ya cherehani haikuniandaa kwa mpini wa jembe lako. Malengelenge yanapasuka na mengine yanaota juu yake.

Kabla hujauliza: vitunguu vya mbegu vya Mama vimeshika. Nilipanda vile vyenye shingo nyembamba tu, kama alivyokuwa akichagua yeye, na kila jioni navipitia kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina. Najua mbegu ya kitunguu haikai, ya mwaka juzi haioti. Najua hivi vikifa kabla ya kutoa mbegu, hakuna vingine vya Mama popote duniani. Umeniambia mpaka sasa naisikia sauti yako usingizini.

Haya, sasa jambo ambalo hutalipenda. Nimeingia umoja wa wakulima. Wallahi sikukusudia. Nilikwenda kuuliza ratiba ya maji ya mfereji, nikamkuta Katibu anapanga viti vya mkutano peke yake, nami sijui kusimama nikimtazama mtu mzima anahangaika. Nikashika viti. Tulipomaliza akajipangusa jasho akaniambia, "Umeshaingia kamati ya viti." Ni kazi ya kujitolea, hata chai unajinunulia. Kamati yenyewe ni mimi na jirani yetu Bwana Bado, ambaye jina lake hilo analitendea haki: ukimuuliza kama ameshafuta viti, unajua atakachojibu.

Usinikasirikie, nina malengelenge.

Mwanao,
Kitindamimba

12 Juni

Marahaba mwanangu,

Mgongo upo. Daktari anasema nitembee, Shangazi yako anasema nilale, nami nakaa katikati yao kwenye kiti. Barua zako anazifungua yeye kwanza, kwa hiyo andika kwa adabu.

Toka humo. Nilikaa kamati ya maji ya umoja huo wewe ukiwa bado mtoto wa kushonewa nguo. Kila kiangazi wajumbe wa kamati walimwagilia kwanza, yakibaki ndiyo yanateremka kwa wengine. Nikasimama mkutanoni nikasema: mjumbe wa kamati ya maji awe wa mwisho kupata maji, ndipo atachunga kila tone. Walicheka. Walicheka mpaka aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini. Nikachukua kofia yangu, na tangu siku hiyo sijakanyaga pale, wala sijamfungulia mtu wao mlango.

Wewe chunga vitunguu. Viti wajipangie wanaovikalia.

Baba yako

20 Agosti

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umeketi, maana ni ndefu. Ukimya wangu ulikuwa woga tu. Sikutoka kwenye umoja.

Maji ya mfereji yamepungua sana. Uliitishwa mkutano, ikasemwa kamati ya maji imepungukiwa na mtu, nani atajitolea? Watu wakaanza kutafuta vitu sakafuni. Mimi nikapiga hesabu zangu: aliye kwenye kamati yuko karibu na lango la mfereji, na aliye karibu na lango hatasahaulika. Nikanyoosha mkono haraka kabla mtu hajaniwahi.

Baba, nilipigiwa makofi! Mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia. Nikajiona mtu. Ndipo Bwana Bado akaniinamia: "Pole, binti. Umechukua Zamu ya Mzee."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Wajumbe wa maji wanamwagilia wa mwisho, baada ya watu wote."

"Mzee gani huyo?"

"Kwani wewe baba yako humjui?"

Katibu ndiye aliyenieleza. Mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka, maji yalikatika kabla ya kufika mashamba ya chini, watu wakanyanyuliana majembe. Wakakaa chini, wakakumbuka maneno yako, wakayapitisha kama ulivyoyasema. Wanafuata mpaka leo. Nikauliza mbona hawakukwambia. Kumbe walimtuma Bwana Bado. Kila wakimuuliza kama ameshakwambia, akawa anajibu jina lake. Anasema alifika getini mara kadhaa, akiona kofia yako tu anageuza.

Nilicheka, kisha nikaenda shambani kicheko kikaisha. Vitunguu vya Mama vimetoa vichwa vya maua, mbegu bado haijaingia ndani, na majani yameanza kulala. Kisima kinatoa tope. Zamu ya Mzee ikifika, huenda mfereji utakuwa umekauka. Katibu anasema kikao kijacho kinaweza kunipa ruhusa nimwagilie mapema, kwa kuwa baba yangu mgonjwa, na hadhani kuna mtu atakataa.

Vitunguu ni vya Mama, kanuni ni yako. Mimi nimekaa katikati, na si kwenye kiti. Kikao ni tarehe tano ya mwezi ujao. Niambie nifanye nini, tafadhali.

Mwanao,
Kitindamimba

6 Septemba

Baba, shikamoo,

Nimemvizia dereva wa lori la mboga anayetubebea barua kila alipopita, hana yako. Sijui umekasirika au umezidiwa. Kama umezidiwa, Shangazi aniambie, asinifiche.

Kikao kilikuwa jana. Katibu akasoma ombi aliloliandika kwa niaba yangu, akauliza nani anapinga. Hakuna mkono. Mjane mmoja, mwenye shamba la chini kabisa, alikuwa ameketi karibu na mlango. Yeye ndiye wa mwisho kupata maji kabla ya wajumbe, na nikiyachukua mimi mapema, ni yeye atakayekosa. Naye hakunyoosha. Alikuwa anaangalia mikono yake tu.

Nikanyoosha wangu. Katibu akasema, "Binti, ombi ni lako." Nikamwambia najua, na ninapinga.

Nimerudi nikakaa kati ya vitunguu nikalia kwa sauti kama mtoto. Nimeviua, Baba? Nisamehe.

Mwanao

6 Septemba

Mwanangu,

Mimi sijambo, usiwe na hofu. Lori liliharibika njiani, barua yako ikanifikia jana, siku ileile ya kikao. Najua haya yatafika umeshaamua.

Nimeisoma mara nyingi mpaka Shangazi yako akauliza kama macho yanauma. Waliipitisha. Miaka yote hii naipita njia ya nyuma nisionane nao, kumbe kila kiangazi wananitaja. Nimefurahi, na nina uchungu wa kukosa kufurahi mapema.

Kuhusu ruhusa. Jana nilikuandikia "Kubali". Nikaikunja, nikampa Shangazi yako ampelekee dereva. Alipofika mlangoni nikamwita arudi. Karatasi ile amewashia jiko. Hii ndiyo barua yenyewe: usikubali, na kama ulishakubali, irudishe ruhusa yao. Subiri zamu yetu. Vikifa nitavililia, nawe utanivumilia.

Lakini mama yako kiangazi kikizidi alikuwa anafunika matuta kwa majani makavu mpaka huoni udongo. Funika leo.

Baba yako

15 Oktoba

Shikamoo Baba,

Barua zetu zilipishana njiani, na zote mbili zilisema neno moja. Nilipoisoma yako nilikaa chini palepale barabarani, dereva akadhani nimepata msiba.

Nilifunika siku hiyohiyo. Mjane akaja na magunia mawili ya maganda ya mahindi bila kuitwa, akafunika nami, akaondoka. Shamba lake lilipata maji. Zamu ya Mzee ilipofika, mfereji ulikuwa na maji membamba kama utepe wa kushonea. Yaliingia matuta mawili ya mwanzo, yakaishia hapo. Vitunguu vya matuta mengine yote vimekauka vikiwa vimesimama. Sikufichi, Baba, inauma kuvitazama.

Ila matuta mawili yalijaza mbegu. Nimezipukutisha juu ya shuka nyeupe, nyeusi, kavu, zimejaa kiganja changu kimoja na kidogo zaidi. Nimezifunga kwenye ile leso ya Mama ya maua.

Sasa wajumbe wa kamati ya mbegu ya umoja wanaomba kila mmoja wao apewe kidogo apande kwake, ili siku nyingine zikifa shamba moja zibaki shamba jingine. Wanasema vitaitwa vitunguu vya Mama. Nimewajibu leso hiyo siwezi kuifungua bila wewe.

Mwanao,
Kitindamimba

24 Oktoba

Mwanangu,

Usiwape.

Nitawapa mwenyewe, kwa mkono wangu. Daktari amekubali, Shangazi yako amenuna, ndiyo kusema safari ipo. Nitapanda lori la mboga kwa huyo dereva wetu, tumeshakuwa ndugu.

Wewe si ndiye kamati ya viti? Nataka chenye egemeo, kwa ajili ya mgongo. Kiweke popote, hata kule mlangoni karibu na huyo mjane. Nitakuja na kofia yangu na safari hii nitaivua.

Na mwambie Bwana Bado asihangaike tena. Nimeshaambiwa.

Baba yako