Jibu Nililoligawa Stesheni

Mpanda, stesheni. Jumatano, Septemba 1997.

Joto, vumbi, na moshi wa mashamba yanayochomwa upande wa Mwamkulu. Treni ya Tabora ilitakiwa kuondoka mchana. Sasa jua linaelekea kuzama na injini haijaonekana. Mkuu wa stesheni anasema iko njiani. Hajasema njia gani.

Nimechoka kabla ya safari.

Keshokutwa asubuhi nina usaili Tabora. Kuna mradi wa maji unaotafuta mtu mmoja wa kuzunguka vijiji vya huku, kuwasikiliza watu na kuandika taarifa. Gazeti langu lilipunguza waandishi wa mikoani katikati ya mwaka, nami nilikuwamo. Tangu hapo nyumba inalishwa na cherehani ya mke wangu. Leo asubuhi alinipigia pasi shati jeupe, akanisindikiza mpaka mlangoni, ndipo akasema: "Baba Neema, ukiikosa hii tunarudi Mwese kulima."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananipa taarifa.

Nimepita hamsini. Mgongo wangu ulishasahau jembe.

Nilijiandaa kwa usaili huu kama ninavyoandaa habari. Nilijiuliza maswali ambayo ningeuliza kama ningekuwa upande wao wa meza, nikatupa majibu ambayo mtu yeyote angeyatoa. Likabaki moja. Lazima watauliza: ukifika kijiji usichokijua, utaanzia wapi? Jibu langu ni kwamba siendi kwanza ofisi ya kijiji. Nakaa kisimani, nasikiliza foleni ya wanaochota. Nikifika kwa mwenyekiti, tayari najua cha kumuuliza. Jibu hilo fupi limenichukua maisha yangu yote ya kazi.

Tatizo ni kwamba Mpanda ina treni moja. Sote tulioitwa kutoka huku tumo kwenye ukumbi huu huu wa abiria. Yupo Mwalimu Kasiano, Mfipa mcheshi, aliyepunguzwa kazini kama mimi. Yupo pia Yustina, binti wa kijiji cha Litapunga aliyemaliza kidato cha nne, baba Mkonongo, mama Mrundi. Mashati yetu na blauzi yake vinaning'inia pamoja kwenye nondo za dirisha visijikunje. Ukiviona utadhani ni nguo za familia moja.

Kasiano ndiye aliyeleta wazo la kujipima. Alisema intavyuu ni kama mtihani, na mwanafunzi asiyejipima hujikuta anapimwa na wenzake. Akaniteua mimi kuwa kamati. Alidai uso wangu umeshakunjamana vya kutosha, sina haja ya kuigiza.

Nikakubali. Kukaa bure kunachosha zaidi.

Kasiano alijibu kwanza, kwa kirefu, akiandika hewani kwa kidole kana kwamba ana ubao. Nilimwambia anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Alisema ndivyo walimu wote walivyo, wakisubiri kuulizwa watakufa na elimu yao.

Kisha Yustina. Nilimuuliza lile swali langu la kijiji, kwa sababu ndilo lililokuwa kichwani. Alisimama, mikono nyuma, macho chini, akasema atafika ofisi ya kijiji, atajitambulisha kwa uongozi, ataeleza malengo ya mradi.

Sentensi hiyo naijua. Nimeikata kwenye habari za vijana wengi kiasi kwamba mkono unaikata wenyewe. Leo sikuwa na kalamu. Ukakata mdomo.

"Hapana. Anzia kisimani."

Wala sikuishia hapo. Nilimweleza yote, pamoja na sababu zake.

Nilipomaliza, Kasiano alikuwa anatazama mabati ya paa. "Mzee wa magazeti," alisema taratibu, "hiyo uliyotoa ghalani ndiyo ilikuwa mbegu."

Nilijua. Nilijua nikiwa bado katikati ya sentensi.

Yustina alikaa, akafikiri, kisha akauliza kwa heshima zote: "Baba, kwetu Litapunga wanawake kisimani wanaongea Kirundi. Wewe ulikuwa unasikiaje?"

Ni swali zuri. Ningeliuliza mimi. Nilimjibu ukweli: nilikuwa natafuta mtu wa kunitafsiria. Akauliza ni nani. Mara nyingi kijana fulani kutoka ofisi ya kijiji.

"Basi ulikuwa unamsikia mwenyekiti," alisema.

Kasiano alicheka mpaka akakohoa.

Sasa wamekwenda kutafuta chai, nami nimebaki kulinda nguo. Najaribu kuiona hali ilivyo, bila kuipamba. Siwezi kulitumia jibu la kisima tena. Kamati haiwezi kulisikia mara mbili asubuhi moja, na kinywani mwa Yustina ni kweli zaidi kuliko kinywani mwangu. Sitajidanganya kwamba nimefurahi kumsaidia. Kazi ni moja, na naihitaji. Naye anaihitaji. Hakuna cha kuongeza hapo.

Lakini kuna swali jingine ambalo kamati huwa hailiachi: udhaifu wako ni upi? Nilikuwa nimeliandalia uongo uliopigwa pasi vizuri kama shati langu, kwamba najituma kupita kiasi. Leo alasiri nimeufuta. Nitawaambia nilikaa visimani miaka yote hiyo na nilidhani nasikia. Nitawaambia ni nani aliyenionyesha, na kwa swali gani. Kisha nitawaambia ningefanya kazi hii vipi sasa, baada ya kujua hilo. Nimeligeuza jibu hilo kichwani kila upande na sijaona pa kukata.

Kasiano anarudi na vikombe. Yustina yuko nyuma yake, midomo inacheza, anajisomea jibu langu. Mwishoni anaweka neno ambalo halihitajiki. Naliona hata kutoka hapa.

Je, nitaweza kunyamaza mpaka Tabora?